Chuma cha Liganga na Mawe ya Mwezini

Wako watu katika Njombe na Makambako ambao wakisikia kijana wa sekondari akisema anataka kuwa mhandisi wa vyombo vya kupimia Mwezi na sayari, hucheka mpaka machozi yakawatoka. Husema huyu amelewa vitabu. Kwetu hapa ni viazi, parachichi, chai na mbao, na mwenye bahati ana lori la kupeleka nguzo Dar es Salaam. Mambo ya Mwezi waachiwe Wamarekani, Warusi na Wachina. Katika hao wanaocheka wamo wanachama wenzetu, tena wamo viongozi wa matawi. Ndiyo sababu naandika katika gazeti hili, ili wao wasome kwanza kabla ya watu wengine.

Nasema kicheko hicho ni cha hatari, na tena si chetu, tulifundishwa. Waliotutawala walicheka kwanza, nasi tukachukua kicheko chao tukakiweka mdomoni mwetu kama kofia ya bwana mkubwa aliyoiacha alipoondoka.

Hebu tuanze na mawe, maana mawe hayana siasa, ingawa wanaoyachimba wanayo.

Toka Njombe mjini, fika Itoni, shika njia ya Ludewa. Sehemu ya njia hiyo, kati ya Lusitu na Mawengi, imejengwa kwa zege mahali pa lami. Mbele huko, katika nchi ya Wapangwa, kipo kilima cha Liganga, na si mbali nacho yapo makaa ya mawe ya Mchuchuma. Hesabu inayotajwa siku zote ni tani milioni 126 za chuma na tani milioni 428 za makaa. Wengi wetu tunazijua hesabu hizo kwa moyo, kama tulivyojua jedwali la kuzidisha. Lakini ni wachache wanaojua kuwa chuma cha Liganga si chuma kitupu. Kimechanganyika na titani na vanadi. Titani ni metali nyepesi yenye nguvu nyingi. Hutengenezwa sehemu za ndege, roketi na setilaiti. Vanadi hutiwa kidogo tu katika chuma cha pua nacho kikawa kigumu zaidi. Na huo mchanganyiko ndio unaokifanya chuma cha Liganga kiwe na kiburi: ukikitia katika tanuri la kawaida, titani hufanya takataka za chuma zigande kama ugali uliokosa maji. Kukiyeyusha kwataka akili ya pekee.

Na mwamba unaokizunguka chuma hicho wanajiolojia huuita anothosaiti. Mwaka 1972 Wamarekani wa Apollo 16 walitua katika nyanda za juu za Mwezi, wakarudi na mawe ya anothosaiti. Zile sehemu nyeupe za Mwezi unazoziona usiku ukiwa umesimama stesheni ya Makambako, nyingi ni mwamba wa ukoo huo huo. Wenzao wa Apollo 11, mwaka 1969, walikuwa wameleta mawe kutoka zile sehemu nyeusi, nayo yalikutwa na titani nyingi, ndani ya madini yaitwayo ilmenaiti. Ilmenaiti ni chuma, titani na oksijeni vimeshikamana. Leo hii wahandisi katika nchi kubwa wanahangaika kutafuta namna ya kuichemsha ilmenaiti ya Mwezini ili watoe oksijeni ndani yake, watu wapate kuvuta pumzi huko na roketi zipate kuchoma mafuta yake bila kubeba kila kitu kutoka duniani.

Sisemi kuwa Ludewa ni Mwezi. Asili zao ni mbali mbali na umri wao ni mbali mbali. Nasema mtu aliyejifunza kulisoma jiwe la Liganga kwa chombo, akajua lina nini na kiasi gani, amekwisha kufika nusu ya njia ya kulisoma jiwe la Mwezi. Basi nani anayestahili kucheka, na nani wa kuchekwa?

Tena wazee wa Kipangwa walilisoma jiwe hilo zamani, bila cheti cha mtu. Walijenga matanuri ya udongo, wakapuliza mivukuto, wakayeyusha chuma na kufua majembe yaliyolima nchi hizi za kusini kabla Mjerumani hajatia mguu. Majembe ya viwanda vya Ulaya yalipojaa madukani, matanuri yakapoa, na watoto wa wafua chuma wakafundishwa kuwa Mwafrika hakuwa na ufundi. Na ukiifuata barabara kuu kutoka Makambako, ukapita Mbeya kwenda Tunduma, utakuta huko Mbozi kimondo kilichoanguka kutoka mbinguni, uzito wake karibu tani 16, na asilimia 90 yake ni chuma, kilichobaki karibu chote nikeli. Vitabu vyasema kimondo hicho kiligunduliwa mwaka 1930 na mpimaji wa ardhi wa Kizungu. Kiligunduliwa! Wenyeji walikuwa wakikipita na kukijua siku zote. Walichokosa ni karatasi ya kuandikia kuwa wamegundua.

Hapo ndipo penyewe, ndugu zangu. Mwenye kuandika kipimo ndiye aliyehesabiwa kuwa mwenye kitu.

Mnakumbuka makinikia. Mwezi Machi 2017 Rais John Magufuli alizuia mchanga wa madini usisafirishwe nje, akaunda kamati chini ya Profesa Abdulkarim Mruma ipime kilichomo katika makontena 277. Tarehe 24 Mei kamati ikasema kila kontena lina wastani wa kilo 28 za dhahabu, mara nyingi zaidi ya zile zilizokuwa zikitangazwa. Kampuni ikakana. Mwaka 2019 Serikali na Barrick walipatana, mwaka 2020 wakatia sahihi: dola milioni 300 za kumaliza ugomvi, kampuni ya pamoja iitwayo Twiga, na asilimia 16 ya hisa kwa nchi. Sitaki kufufua mabishano ya nani alisema kweli. Nataka msomaji atazame jambo moja lililopita haraka mno katika kelele zile. Tulikuwa na wakala wetu wenyewe wa ukaguzi wa madini, naye alikuwa akipima. Kipimo chake na kipimo cha kamati vikawa mbingu na ardhi. Na nchi yenye watu zaidi ya milioni 50 ikabaki midomo wazi, kwa kuwa waliokuwa na uwezo wa kuzichukua zile karatasi mbili, wakaonyesha kwa kidole mahali tofauti ilipoanzia, walikuwa wachache kuliko wabunge. Tulishangilia au tulikasirika, kila mtu kwa upande wake, lakini kusoma tulishindwa.

Jambo hili si la dhahabu peke yake. Wizara ya Madini imeeleza kuwa ni asilimia 16 tu ya nchi yetu iliyokuwa imekwisha kupimwa kwa kina, kwa ndege zenye vyombo vya jiofizikia, na imeweka shabaha ya kufika asilimia 50 mwaka 2030. Tangu Julai 1972, Wamarekani walipopeleka angani ile setilaiti ya kwanza ya Landsat, iliyotengenezwa makusudi kutazama mali ya ardhi, milima ya Livingstone na mabonde ya Ludewa yamekuwa yakipigwa picha kutoka juu mwaka baada ya mwaka. Picha hizo tangu 2008 hutolewa bure kwa yeyote duniani. Kituo cha Nairobi cha ramani za rasilimali, ambacho Tanzania ni mwanachama wake, kilianzishwa tangu 1975. Kwa hiyo mlango haukufungwa. Lakini mtu asiyejua kusoma hata ukimpa kitabu bure, atafungia karanga.

Sasa nieleze, kwa kadiri ya mwalimu asiye mhandisi, kazi ya hawa wahandisi wa vyombo ni nini, maana wengi wadhani ni kuvaa nguo nyeupe na kupanda roketi. La hasha. Mia kwa maelfu ya watu hufanya kazi ya anga na hawatainuka ardhini hata siku moja. Wanatengeneza macho, masikio na pua za kutazama kule mtu asikofika. Kuna chombo kiitwacho spektromita, ambacho hutazama mwanga uliorudi kutoka juu ya jiwe na kutambua jiwe lina nini, kwa kuwa kila madini hurudisha mwanga kwa namna yake. Mama wa Njombe hajaingia jikoni na amekwisha kujua kwa harufu kama jirani anachoma mkaratusi au mwati. Spektromita hufanya vile vile kwa mwanga. Kuna chombo cha kusikiliza mtetemeko wa ardhi ili kujua ndani mna nini. Kuna chombo cha kupima mvuto wa dunia, ambacho kwa mabadiliko madogo ya mvuto huo kimewezesha watu kujua maji yaliyo chini ya ardhi yanapungua nchi gani.

Na mhandisi wa chombo cha namna hiyo ana mabwana wakali. Chombo kiwe chepesi, maana kila kilo inayopandishwa ni fedha nyingi. Kitumie umeme kidogo, pengine pungufu ya taa ya chumbani. Kivumilie mtikisiko wa roketi, kisha baridi kali na joto kali. Na kikiharibika hakuna fundi wa kupelekewa. Sasa mtu aliyezoea kazi ya masharti hayo, mrudishe Makambako: atashindwa kutengeneza kipimo cha unyevu wa udongo kwa mkulima wa viazi wa Wanging'ombe, au kipimo cha maji cha kijiji kisicho na umeme? Masharti ya Mwezini na masharti ya kijijini yanafanana kuliko masharti ya mjini London.

Nitoe mfano mmoja, kwa kuwa ndio uliomfanya mwandishi huyu aamini. Tarehe 18 Februari 2021 gari la Wamarekani liitwalo Perseverance lilitua katika sayari ya Mirihi. Ndani yake kilikuwamo chombo kiitwacho MOXIE, cha kilo 17, ukubwa wake kama betri ya gari. Hewa ya Mirihi karibu yote ni hewa ya kaboni, ile tunayoitoa sisi puani. MOXIE kiliivuta hewa hiyo, kikaipasha moto kufikia nyuzi 800 hivi, kikaipitisha umeme na kuitenga oksijeni. Kiliwashwa mara ya kwanza Aprili 2021, na hata kazi yake ilipomalizika mwaka 2023 kilikuwa kimewashwa mara 16 na kutoa gramu 122 za oksijeni kwa jumla. Waliokitengeneza wenyewe wamesema hiyo ni pumzi ya mbwa mdogo kwa saa 10.

Mtu wa Makambako atauliza: fedha zote zile kwa pumzi ya mbwa? Swali zuri, wala sitalikimbia. Wao walitaka kujua kama mtu aweza kuishi mbali kwa kutumia kilichopo pale pale, asibebe kila kitu kutoka kwao. Basi nikiyasoma hayo nacheka mimi sasa, maana sisi tulikwisha kuyaandika mwezi Februari 1967 kule Arusha. Kuishi kwa kilichopo! Mataifa tajiri yametumia mabilioni na kusafiri mpaka Mirihi, wakakuta huko shina la kujitegemea. Tofauti ni kwamba wao wakisema neno hutengeneza na chombo chake, wakakipima, wakaandika gramu ngapi. Sisi neno tulilisema vizuri sana.

Majirani zetu je? Mwaka 1960 Wamarekani walijenga kituo huko Tunguu, Unguja, cha kufuatilia vyombo vyao vya Mercury. John Glenn alipoizunguka dunia Februari 1962, Zanzibar ilikuwa katika mnyororo wa vituo vilivyomsikiliza. Wananchi walikuwa wakiandamana kukipinga, wakikiita kituo cha roketi, na baada ya Mapinduzi ya 1964 kikafungwa. Walikuwa na haki ya kutia shaka. Wakati ule nani aliyeulizwa? Lakini vyombo vilikuja na vikaondoka, na havikuacha nyuma chuo hata kimoja cha kufundisha kijana wa Unguja namna ya kutengeneza chombo cha pili.

Malindi ni hivyo hivyo, isipokuwa mwisho wake umekuwa mwema zaidi. Waitaliani waliweka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, na tangu 1967 mpaka 1988 roketi zikaruka kutoka pale. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya iliposherehekea miaka saba ya uhuru, iliruka setilaiti ya Wamarekani ya kupima miali ya eksirei ya nyota, ya kwanza ya aina yake duniani, nayo ikapewa jina UHURU. Jina letu likapanda mbinguni, mikono yetu ikabaki pwani. Hata mwaka 2018 ndipo kisetilaiti cha Chuo Kikuu cha Nairobi kikatolewa kutoka kituo cha kimataifa cha anga. Hesabu mwenyewe, ni miaka 51 tangu ile roketi ya kwanza. Lakini angalia mwendo baada ya hapo. Aprili 2023 Kenya ikarusha Taifa-1, ya kutazama kilimo na ardhi. Uganda ilipeleka vijana watatu, Bonny Omara, Edgar Mujuni na Derrick Tebusweke, kusoma Japani katika Chuo cha Kyushu. Wakajifunza kwa kutengeneza, na setilaiti yao ndogo ya PearlAfricaSat-1 ikaruka Novemba 2022. Rwanda ilikuwa imetangulia mwaka 2019. Rais Samia Suluhu Hassan alisema mwaka 2023 kwamba na sisi tumo katika mpango wa setilaiti yetu. Vyema. Mimi nauliza jambo moja tu juu yake: itatengenezwa na nani? Kununua setilaiti ni kama kununua redio. Utasikia, lakini hukujifunza kusema.

Yupo Mwafrika mmoja aliyechekwa kuliko wote. Edward Mukuka Nkoloso wa Zambia, mwalimu wa sayansi na mpigania uhuru aliyefungwa na wakoloni, mwaka 1964 alitangaza kuwa Zambia itapeleka watu Mwezini. Aliwafundisha vijana wake, mmoja wao binti aitwaye Matha Mwamba, akaomba UNESCO pauni milioni 7. Magazeti ya Ulaya na Marekani yalimcheka sana, na mpaka leo picha zake huonyeshwa watu wapate kuburudika. Mimi sikusema alikuwa na roketi; hakuwa nayo. Lakini katika mwaka ule ule walioitwa wataalamu walikuwa wakitoa taarifa kuwa reli ya kutoka Zambia kuja Dar es Salaam haina faida na haifai kujengwa. Kicheko kile kilikuwa kimoja. Reli ikajengwa tangu 1970 mpaka 1975, kilometa 1,860, ikapenya mahandaki 22, mengi yao katika mteremko mkali wa Mlimba na Makambako hapa ambapo treni yapita mpaka sasa. Na Wachina hawakuleta vyuma peke yake: mwaka 1972 vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea uhandisi wa reli. Tuyaseme na yaliyokuwa mabaya: baadaye tuliiacha reli ile ichakae. Lakini kupeleka vijana kusoma lilikuwa ni sharti la kazi tangu mwanzo, halikuwa zawadi ya baadaye.

Sasa twende kwenye sheria, maana wenzetu hawalali. Mkataba wa mwaka 1967 wa mataifa unasema hakuna nchi inayoweza kuufanya Mwezi au sayari kuwa mali yake. Mkataba wa pili, wa 1979, ukaongeza kuwa mali ya Mwezi ni urithi wa wanadamu wote. Nchi kubwa zenye roketi hazikuuridhia huo. Mwaka 2015 Marekani ikatunga sheria yake yenyewe kwamba raia wake akichimba kitu huko juu, kitu hicho ni chake, akiuze apendavyo. Luxembourg, nchi ndogo kuliko mikoa yetu mingi, ikafuata mwaka 2017. Maana yake mwelewe vizuri: shamba si lako, ila mihogo utakayoing'oa ni yako. Mtu wa Ludewa anaifahamu lugha hiyo bila mkalimani. Kongamano la Berlin la 1884 nalo lilizungumza kwa adabu, na hakuna Mwafrika aliyeitwa mezani.

Mwaka 1976 nchi nane za ikweta, pamoja na Kenya, Uganda na Zaire ya wakati ule, zilikutana Bogota zikatangaza kuwa ile njia ya setilaiti iliyo juu ya ikweta, kilometa 36,000 hivi, ni sehemu ya mali zao. Wakubwa hawakulijali tangazo lile. Haki yao ya kuuliza mimi siipingi hata kidogo. Lakini waliulizia njia ambayo wengi wao hawakuwa na chombo hata kimoja cha kuipitisha. Sasa Afrika ina Shirika lake la Anga, lililofunguliwa rasmi Cairo mwezi Aprili 2025. Wajumbe wetu wataketi huko na kujadili nani achimbe nini mbinguni. Nani atakayekaa nyuma ya kiti cha mjumbe amnong'oneze kuwa hesabu iliyowekwa mezani ni ya uongo?

Najua jawabu la wapinzani wa hoja hii, nimelisikia katika mikutano mingi kutoka Ilembula mpaka Lupembe. Zahanati haina dawa, mama anajifungulia njiani, wewe watwambia habari za Mirihi. Simdharau asemaye hivyo. Mwenye kusema hivyo huwa ni mama, na huwa anasema kweli. Lakini namwomba akumbuke kuwa tulipopata Uhuru mwaka 1961, kama alivyozoea kutukumbusha Mwalimu Nyerere, nchi nzima ilikuwa na madaktari 12 na wahandisi wawili. Hatukusema basi kwanza tumalize madaktari, wahandisi watafuata. Tulisomesha wote pamoja. Na fedha za zahanati zitatoka wapi kama chuma chetu kitaondoka kwa kipimo cha mnunuzi?

Kinachoniuma mimi ni kilicho karibu zaidi kuliko Mirihi. Nilisomea ualimu. Katika mazoezi ya kufundisha nilipangiwa shule moja, jina lake nalihifadhi, yenye wanafunzi 60 katika chumba cha fizikia na ammita moja, tena sindano yake imekwama. Tukafundisha umeme kwa kuchora ubaoni. Wanafunzi wakakariri namna ya kusoma chombo ambacho hawakukishika, wakapewa picha yake katika karatasi ya mtihani, wakajibu, wakafaulu. Binti mmoja akaniuliza: "Mwalimu, sindano hii ikiwa imekwama, tutajuaje kama umeme umepita?" Darasa likacheka. Mimi nikamwambia huo ndio uhandisi wa vyombo, wala si kingine. Kujua kama chombo chako kinasema kweli kabla hujakiamini ni kazi kubwa kuliko kukitengeneza.

Basi nini la kufanya? Mkataba wa Liganga na Mchuchuma ulitiwa sahihi tarehe 21 Septemba 2011, kati ya Shirika la Maendeleo la Taifa na kampuni ya Sichuan Hongda ya China. Asilimia 80 kwao, 20 kwetu. Miaka ikapita, tanuri halikuwaka, Serikali ikarudi mezani kuyatazama upya masharti. Mwaka 2023 wananchi waliopisha mradi walianza kulipwa fidia, baada ya kungoja mpaka wengine wakazeeka. Watu wengi wa mkoa huu wamekasirishwa na kuchelewa huko, nami ni mmoja wao. Lakini kuchelewa kumetuachia nafasi ambayo mgodi uliokwisha kuanza hauna: bado tunaweza kusema tunataka nini kabla ya lori la kwanza kupita juu ya ile zege.

Na tuseme hivi. Yeyote atakayekuja kuchimba Liganga, awe Mchina, Mzungu au tajiri wetu wenyewe, mkataba wake uwe na idadi ya vijana atakaowasomesha uhandisi wa vyombo na wa metali, iandikwe kwa tarakimu kama zinavyoandikwa tani, na iwepo adhabu asipotimiza. Maabara ya kupima mawe ijengwe ndani ya Mkoa wa Njombe, na kila sampuli itakayopelekwa nje iache nusu yake hapa, ipimwe na watu wetu siku hiyo hiyo. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbeya ndicho kilicho karibu nasi. Kiwe na karakana ya kutengeneza vyombo, ianze na vile vya mvua, udongo na maji, na wanaoweza waende mbele mpaka kwenye kisetilaiti cha kilo moja kama walivyofanya Waganda. Na kabla ya hayo yote ammita zinunuliwe. Jambo hilo halihitaji mwekezaji. Halmashauri inayoweza kununua mafuta ya magari ya msafara inaweza kununua ammita.

Watakaosema hayo ni mambo ya wataalamu, tawi halihusiki, nawajibu kuwa kifungu cha mkataba hutiwa na aliyekidai. Wafua chuma wa Kipangwa hawakuulizwa na Mjerumani, wala babu zetu hawakuulizwa na Mwingereza. Sisi tuna diwani, tuna mbunge, na tuna haki ya kuwasimamisha mkutanoni na kuwauliza: katika mkataba unaozungumzwa, vijana wa Njombe watakaosomeshwa ni wangapi? Akisema wengi, mwambie ataje tarakimu. Akisema italetwa baadaye, iandikeni katika kumbukumbu za mkutano kuwa amesema hivyo, na tarehe.

Tawi la Makambako Mjini limekwisha kuandika barua yake. Matawi ya Njombe, Ludewa, Wanging'ombe na Makete yanayotaka kutia sahihi katika barua hiyo yalete majina ya mwenyekiti na katibu, pamoja na hesabu ya shule za sekondari zilizo katika eneo lao na vyombo vya fizikia vinavyofanya kazi katika kila shule. Msiandike vilivyopo. Andikeni vinavyofanya kazi.